Mbuzi wa Grupu ya Wazazi

Maumivu ya mguu wa Jepkemei yalikuwa na tabia ya kuhamahama. Jumatatu alichechemea wa kushoto, mama yake akaukanda kwa mafuta ya moto hadi nyumba nzima ikanuka kama duka la dawa. Kufikia Jumatano maumivu yalikuwa yamehamia wa kulia bila kuaga. Jeruto alimtazama binti yake akivuka ua wa boma lao kule Keringet, ndoo ya maji mkononi, akichechemea kwa bidii zote. Mara ndama akakata kamba. Miguu yote miwili ikapona papo hapo! Jepkemei alimfukuza yule ndama hadi kwenye shamba la viazi, akamkaba shingo, akamrudisha. Kisha akakumbuka, akaanza kuchechemea tena. Wa kushoto.

"Jepkemei," Jeruto akasema, "huo ugonjwa una ratiba ama unajiendea tu?"

"Unauma, Mama."

"Upi?"

Msichana akaitazama miguu yake kama anayechagua viatu. "Yote."

Mbio za shule za eneo zima zilikuwa zimekaribia, zingefanyika Olenguruone. Na Jepkemei wa Gredi ya Saba, mtoto ambaye tangu aache kutambaa hakuwahi kutembea palipo na nafasi ya kukimbia, alikuwa amemwomba mwalimu amtoe kwenye timu. Hilo ndilo lililomnyima Jeruto usingizi. Mguu ukiuma hukandwa. Huu ulikuwa mzima kama mwiko. Kilichochechemea ni kitu kingine, na mwenyewe hakutaka kukitaja.

Tena alikuwa amejifunza kunyamaza. Simu ya zamani ya mama yake, aliyoachiwa kwa ajili ya kazi za shule, ikilia, aliigeuza kifudifudi mezani. Jeruto angeuliza kuna nini, lakini siku alipompa simu hiyo alikuwa amemwekea sheria moja tu, kwa sauti ya kushtua ng'ombe: "Nikisikia upuzi wowote umeingia humu ndani, hii simu naitumbukiza kwenye josho la ng'ombe." Aliiona sheria nzuri, fupi, isiyohitaji maelezo.

Yeye mwenyewe na simu walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Kioo cha simu yake kilipasuka siku fahali alipoikanyaga, nyufa zikatanda kama utando wa buibui, lakini kupitia nyufa hizo alifuatilia grupu ya kanisa, grupu ya chama, grupu ya maziwa na grupu ya wazazi wa Gredi ya Saba. Kuandika hakukupenda. Vidole vilivyozoea chuchu za ng'ombe viligonga herufi tatu kwa mpigo. Kwa hiyo alijibu kwa stika, na katika stika zote kipenzi chake kilikuwa mbuzi mmoja aliyemdaka kwenye grupu ya maziwa.

Lo, mbuzi yule! Pembe zilizopinda, majani yamemning'inia shingoni kama aliyefumaniwa kwenye ua wa jirani, mdomo umejaa povu la maziwa. Chini yake pameandikwa: NIMESHIBA. Pasta akituma "Mbarikiwe," Jeruto alirusha mbuzi. Mwalimu akitangaza mkutano, mbuzi. Alimtumia dada yake anayekata maua Naivasha, na dada akamsambaza mbuzi kwa wakata maua wote. Hata Jepkemei alitumiwa. Jioni moja, mama yuko jikoni, binti yuko chumbani, Jeruto akamrushia mbuzi kumwita mezani. Jepkemei hakuja. Alisema tumbo linamuuma. Wakati huo ugonjwa ulikuwa haujashukia miguuni.

Alhamisi asubuhi Jeruto alipeleka maziwa kituoni, pale wakulima wanapopanga mikebe barabarani kungoja gari. Hapo ndipo kilipokuwa kibanda cha chai cha rafiki yake Wangare, mwanamke mwenye mandazi laini na mdomo usio na breki. Mwanawe, Micah, alisoma darasa moja na Jepkemei.

"Mama Jepkemei, wewe ni mtu mgumu," Wangare alisema akimmiminia chai. "Mimi siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kumchekelea mtoto wangu hivyo mbele ya grupu nzima. Lakini nikasema, ah, kama mama mwenyewe ndiye anatuma, sisi ni nani? Tukacheka."

"Mimi nimemcheka mtoto wangu lini?"

"Si ni hiyo stika yako."

"Ya mbuzi?"

Wangare akaliweka birika chini. "Mbuzi gani, Mama Jepkemei?"

Akatoa simu yake, ambayo kioo chake kilikuwa kizima, akafungua ile picha, akaivuta kwa vidole viwili mpaka ikajaa. Jeruto akainama. Pembe zilikuwa za kuchorwa. Majani yalikuwa sinendet, mmea ule wa kutambaa ambao Wakalenjin humvisha mshindi shingoni. Povu lilikuwa mursik, maziwa ya kibuyu anayonyweshwa shujaa akirudi nyumbani. Na macho, yaliyofumbwa kwa furaha na haya, yalikuwa macho aliyoyazaa mwenyewe.

Akakumbuka yote. Muhula uliopita Jepkemei alikimbia akawa wa pili kutoka mwisho. Jeruto alikuwa ameona jinsi mabingwa wa dunia wanavyopokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu, akajiuliza, kwani lazima mtu angoje dunia? Akamvizia binti yake kwenye lango la shule na sinendet na vigelegele, akamnywesha mursik kwa nguvu hadi ikapanda puani, huku walioshinda wakipita kando na kiu yao. Alirekodi kila kitu. Akaweka kwenye status yake: BINGWA WANGU. Status ile iliweza kuonwa na kila aliyekuwa na nambari yake, akiwemo Wangare, ambaye simu yake kila jioni hukaa mikononi mwa Micah.

"Nani alitengeneza hii kitu?"

"Micah ndiye alinitumia," Wangare akasema polepole, na ilikuwa mara ya kwanza Jeruto kumsikia akisema jambo polepole. "Mimi nilidhani ameitoa kwako. Woi, Mama Jepkemei. Aki sikujua."

Jeruto hakumaliza chai. Akanyakua mkebe wake mtupu, akashika njia ya shule, mkebe ukigonga paja kama ngoma ya vita. Alikwisha kuchagua sikio la Micah atakalolivuta, la kulia, nalo angelivuta hadi lifanane na la sungura. Akapita posho mill. Akapita kanisa. Kwenye ua wa misipresi mwendo ukaanza kupungua, maana hesabu ilikuwa imemjia bila kuitwa. Micah alimtuma mbuzi kwa watoto wa darasa moja. Nani alimpeleka kwa pasta? Nani alimvusha mpaka Naivasha? Kama Micah anastahili kuvutwa sikio moja, mama huyu angehitaji kuazima masikio ya ukoo mzima.

Akageuka, akarudi nyumbani. Mkebe ulikuwa umenyamaza.

Saa ya kukamua jioni alikaa kwenye kigoda, kichwa ameegemeza ubavuni mwa ng'ombe, Jepkemei ameshika kamba ya ndama. Alikuwa amepachagua mahali hapo makusudi. Ukikamua hulazimiki kutazamana na mtu machoni, na kwa kuwa ng'ombe hapendi kelele, hata ukitaka kugomba utagomba kwa upole.

"Ile stika," akasema. "Leo ndiyo nimejua ni wewe."

Kamba ikakazika. Yakasikika maziwa tu, chwaa, chwaa, ndooni.

"Uongo," Jepkemei akasema mwishowe. "Ulinitumia mimi mwenyewe. Nilikuwa kwa kitanda nalia. Simu ikalia, nikaona ni wewe, nikasema sasa Mama ameshajua, ananiuliza kuna nini. Kufungua, ni hiyo hiyo. Nikasema basi. Hata Mama."

Mkono wa Jeruto ukasimama kwenye chuchu. Alikuwa na utetezi wa kujaza debe: kioo, nyufa, fahali. Akaumeza wote, likabaki neno moja.

"Nilidhani ni mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi wa kweli. Nikasema, huyu mbuzi ana uso mzuri."

"Mama! Umeninyonyesha, umenibeba mgongoni, na umenichanganya na mbuzi?"

"Mbuzi mzuri," Jeruto akasisitiza, na hapo kicheko kikamtoka msichana kupitia puani, kikafuatwa na kilio, vyote viwili vikasukumana mlangoni kama kondoo. Jeruto akaacha kigoda, akamkumbatia pamoja na kamba, ndama akajipenyeza katikati, akaanza kunyonya kabla ya zamu yake. Leo hakuna aliyemkemea.

Ndipo maneno yakatoka. Jinsi stika ilivyoanzia kwenye grupu ya watoto. Jinsi wanavyomlilia "meee" akipita bombani, akijibu swali darasani, na zaidi akisimama kwenye mstari wa kuanza mbio.

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ungetupa simu kwa josho. Simu ingezama, na mimi ningebaki na meee yangu."

Ile sheria fupi, nzuri, isiyohitaji maelezo. Jeruto akaitazama mara ya kwanza kwa upande wa pili, akaona kuwa mlango aliojenga kuzuia chui ndio uliomfungia mtoto nje.

"Josho nimelifuta," akasema. "Upuzi ukiingia, niletee. Simu itabaki kavu. Sasa niambie, unataka nifanye nini?"

Lilikuwa swali ambalo yeye hakuwahi kuulizwa na mama yake, wala mama yake kuulizwa na wake. Jepkemei akalifikiria kwa makini.

"Kwanza usiende shule na mkebe."

"Nani amekuambia habari ya mkebe?"

"Mama Micah ameambia kila mtu. Twende wawili, kwa Mwalimu Kiprugut. Mimi niongee, wewe unyamaze."

"Ninyamaze kabisa?"

"Kidogo, basi."

Mwalimu Kiprugut, aliyesimamia darasa na michezo pia, alisoma alichoonyeshwa. Jepkemei alikuwa amepiga skrinshoti za matusi yote kabla wenyewe hawajayafuta. Mwalimu akafungua grupu ya wazazi kwenye simu yake, akamkuta mbuzi wa Jeruto, na chini yake kidole gumba kilichoinuliwa. Kilikuwa chake. Akakohoa, akalegeza tai, akatuma aitwe Micah na mama yake.

"Ilikuwa jokes tu, Mwalimu," Micah akasema, akiutazama mlango. Kisha, kama anayezama aliyeona gogo: "Na Mama Jepkemei pia alituma! Amenishinda kutuma!"

Wangare akainua kofi. Jeruto akaudaka mkono ukiwa hewani.

"Mwache. Amesema kweli." Akainuka kwenye kiti cha mgeni, akaenda kusimama upande wa washtakiwa. "Sogea kidogo, Micah, tupangane. Mimi na wewe kesi yetu ni moja."

Micah akasogea, kwa mshangao zaidi ya adabu. Kwa kofi alikuwa amejiandaa. Kwa hili hakuwa na maandalizi.

"Mimi hiyo siku niliipenda," Jepkemei akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikuchechemea. "Nilimshinda mtu mmoja tu, na Mama akanifanya bingwa. Sasa nikiikumbuka nasikia meee tu. Umenichukulia siku yangu, Micah."

Micah alitazama viatu vyake, akasema, "Pole," kisha tena, kwa sauti ya kusikika, "Pole, Jepkemei." Mwalimu akasema Jumatatu atalizungumza na darasa zima, yeye mwenyewe akianza na kidole gumba chake.

Jioni hiyo Jepkemei alimfundisha mama yake jinsi ya kuchagua nani aione status yake, wakawafungia nje watu wengi kuliko waliobaki ndani. Kisha Jeruto akabonyeza kitufe cha kurekodi:

"Wazazi wenzangu, yule mbuzi si mbuzi. Ni mtoto wangu, na aliyemsambaza zaidi ni mimi. Naomba mumfute. Halafu muwaulize watoto wenu, polepole, bila fimbo na bila josho, huko ndani ya simu wanaitwa nani."

Zikaja pole. Zikaja amina. Baba mmoja akaandika "Tumekuelewa mama" na, kwa mazoea, akaweka mbuzi. Akamfuta kabla Jeruto hajavuta pumzi, akaleta maua.

Meee haikufa siku hiyo. Kelele ya shuleni hufa kama moto wa msituni, ukiuzima hapa unafuka pale. Lakini wiki iliyofuata mtu mmoja alipolia kama mbuzi pale bombani, Jepkemei alisikia Micah akifoka, "Wewe, wacha hiyo!" kwa sauti iliyovunjika katikati, nusu ya mtoto na nusu ya mwanamume. Siku iyo hiyo miguu yake ikapona, na safari hii haikuugua tena.

Alikubali kwenda Olenguruone kwa sharti moja: simu ya mama ikae ndani ya begi lake.

Ukungu wa Mau ulikuwa haujainuka vizuri filimbi ilipolia. Jeruto alisimama kwenye kamba na kibuyu kwapani, mikono yake isiyo na simu ikimhangaisha kama watoto wa kulea. Aliona mbio zote. Muhula uliopita alikuwa ameziona kupitia ufa wa kioo cha simu. Aliona binti yake anavyouma ulimi kwenye kona, anavyompita msichana mmoja, halafu mwingine, na kiatu kinavyomfunguka asikiangalie. Hakushinda. Alimaliza katikati ya kundi, matope hadi magotini, akija moja kwa moja kwa mama yake.

"Nikunyweshe hapa," Jeruto akauliza, "ama tungoje nyumbani?"

Jepkemei akatazama umati na simu zao. Akavuta pumzi. "Hapa. Lakini wewe kwanza."

Jeruto akainua kibuyu. Kilikuwa kimejaa kuliko alivyokumbuka. Mursik ikamjaa mdomo, ikapanda puani, ikamwachia masharubu meupe yenye vumbi la mkaa unaosuguliwa ndani ya kibuyu. Aliposhusha kibuyu, Jepkemei alikuwa amekwisha kutoa simu begini, amemlenga.

"Mama, nikupige picha?"

Jeruto akawaza kanisa. Akawaza chama. Akawaza wakata maua wa Naivasha.

"Hapana!"

"Sawa," Jepkemei akasema, akairudisha simu begini huku akicheka, akakishika kibuyu kwa mikono miwili na kukiinua mpaka uso wote ukapotea.