Kila Mwanamke na Jiwe Lake

Wewe uligeuza uso. Ulipita na gari lako siku ile walipokita vigingi vya mbao kuzunguka boma la Ornait, ukapunguza mwendo, ukaviona, halafu ukajifanya unashughulika na redio. Nilikuona. Nilikuwa nimesimama kando ya ukuta na bango langu, mvua inanipiga mgongoni. Sina chuki na wewe. Siku hizi hata nguvu ya chuki sina. Lakini nakumbuka. Parokia nzima inajua kwamba kukumbuka ndiyo kazi ninayoifanya bila mshahara.

Boma lenyewe unalijua: ukuta wa mawe wa mviringo juu ya barabara, kisima upande wa chini, mawe meupe yaliyotapakaa kwenye nyasi, na kondoo wa jirani. Kampuni ya machimbo inataka kupitisha malori hapo. Halmashauri ikatuambia kwamba mahali pa mtakatifu wa kale hapaguswi, ila malisho ya kondoo yanaguswa. Basi lililobaki ni swali moja tu. Ornait alikuwa nani?

Sisi wa kamati ya kulitetea boma tulipiga kelele mpaka wakaleta mtaalamu. Wakamleta Daktari Eoghan Tuohy kutoka chuoni Galway, mtu mwembamba wa miwani ambaye kazi yake ni kuwatafuta watakatifu wasioombwa tena na mtu. Wako mamia katika kisiwa hiki. Mwingine kilichobaki kwake ni jina na siku moja katika kalenda ya watawa. Mwingine ni watu wawili walioshonwa pamoja, na mwingine ni mtu mmoja aliyegawanywa na parokia tatu, kila moja ikidai mifupa ni yake.

"Nilimfuata askofu mmoja miaka minne," alituambia siku ya kwanza, jikoni kwetu. "Akaja kuwa jina la kilima."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Mama yangu, Nora Ruane, ana miaka tisini na kitu na hacheki ovyo. "Na huyu wetu atakuwa nini, Daktari? Mfereji?"

"Naomba awe mtu, Mama Ruane."

"Kunywa chai yako. Umekonda kama uliyefufuliwa."

Alitafuta majira yote ya joto. Kila alipokuja kwetu alikuwa na habari ileile kwa maneno mengine. Kwenye kalenda za watawa, hayupo. Kwenye masimulizi ya maisha ya watakatifu, hayupo. Kusini kulikuwa na mtawa mmoja wa kike aliyemtia matumaini kwa wiki kadhaa, kisha naye akawa wa ukoo mwingine na karne nyingine. Askari wa Kiingereza waliokuja kuchora ramani zamani za mababu waliwauliza wenyeji mahali hapa ni pa nani, na wenyeji hawakutaja mtakatifu yeyote. Nikamwambia wenyeji hawakuwa wajinga wa kuwaambia askari mambo yao. Akakubali. Alikuwa mtu wa kukubali, na hilo lilinichosha kuliko ubishi.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba ikafika, sikukuu ya Ornait. Wanawake hupanda bomani. Wanaume hubaki ukutani wakivuta sigara na kuzungumzia mpira, na Tuohy akasimama nao. Tulifanya kama kawaida: kila mmoja aliteka maji kisimani, akaenda jiweni, akasali, akamwaga maji, akashuka. Hakuna padri. Hajawahi kuwepo padri.

Baadaye Tuohy alikuja kwetu akiwa amelowa. Mama alikaa karibu na jiko. Mimi nilikuwa mezani nakata mkate.

"Mama Ruane," alisema, "nimeona visima vingi. Kwa mtakatifu, watu hufuata njia moja. Wanasimama hapa wote, wanasimama pale wote. Ukimfuata mmoja umewafuata wote. Leo nimetazama kwa makini, na hakuna wanawake wa nyumba mbili waliosimama kwenye jiwe moja."

Mama akapuliza chai. "Uwanja ni mpana."

"Wewe ulisimama karibu na mti wa miiba. Delia nyuma yako."

"Ni kituo chetu cha sala," nikadakia. "Alikirithi kwa bibi." Ndivyo nilivyoambiwa nikiwa mtoto, na ndivyo nilivyowaambia waandishi wa magazeti.

"Bibi yako alikuwa na jiwe lake," Mama alisema bila kunitazama. "Liko chini zaidi, upande wa kisima."

Tuohy akaweka kikombe chini. Nadhani alikuwa ameshajua, na alikuwa anatamani awe amekosea.

"Yule wa mti wa miiba ni kaka yako," Mama akaniambia. "Alikutangulia. Hakulia. Maji ya ubatizo hayakumfikia, na asiyebatizwa uwanja wa kanisa haukumpokea. Walisema mbinguni pia haingii. Baba yako alimpeleka pale ndani ya kisanduku cha majani ya chai. Mimi nilikuwa kitandani. Niliambiwa mahali tu."

"Ana jina?" Tuohy aliuliza.

"Hapakuwa na ruhusa ya jina."

"Lakini ulimpa."

"Colman. Nilichagua jina lenye watakatifu wengi. Nilidhani mmoja wao angemwona."

Nilimaliza kupaka siagi. Nilipaka mpaka pembeni kabisa ya kipande, nikachukua kingine. Mimi niliyewasimamisha wanawake wa kiwanda cha samaki wasiingie kazini, mimi niliyemfuata mbunge mpaka mlangoni kwake kwa ajili ya kodi ya maji, nilikaa nikisubiri nihisi kitu. Hakikuja. Mpaka leo nasubiri.

"Na Ornait?" Tuohy aliuliza.

"Padri mmoja wa zamani alikataza wanawake kupanda kule kulilia watoto wao. Alisimama getini na fimbo. Lakini kwenda kwa mtakatifu asingeweza kukataza. Basi pakawa na mtakatifu."

"Nani alimtunga?"

"Sijui. Nilimkuta. Mwanamke mwenye akili, huyo."

Tuohy alivua miwani, akaifuta kwa shati lililolowa, ikazidi kuchafuka. Akaniambia mimi, si Mama: "Nikiandika hivi, mtakatifu anaondoka. Na ulinzi unaondoka naye."

"Basi usiandike."

"Delia, siwezi kumtunga mtu."

"Wenzako walitunga miaka elfu. Wewe ndiwe uliyeanza leo kuona aibu?"

"Mwache," Mama alisema. "Nitakwenda kusema mwenyewe. Nimechoka kumsingizia Ornait."

Jumatatu wiki hii kikao kilifanyika ukumbi wa parokia. Ulikuwepo, au mtu wa nyumbani kwako alikuwepo. Mwenyekiti alikuwa Kilbane wa halmashauri, mtu wa tai nzuri na sauti ya pole. Mama alisimama na koti lake mwilini na akasema yote, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kisanduku. Mti wa miiba. Jina. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jina lile kutamkwa mbele ya watu.

"Tunakushukuru sana, mama," Kilbane alisema. "Kwa hiyo unathibitisha kwamba hapana mtakatifu."

"Nathibitisha kwamba pana mwanangu."

"Ninakuelewa. Ila hilo halina kumbukumbu popote."

Tuohy akasimama. "Watakatifu wangu nusu yao hawana kumbukumbu popote, mheshimiwa. Na mnawalinda."

"Hao ni urithi, Daktari." Alisema kwa upole kabisa. "Na kazi tuliyokupa ilikuwa ya mtakatifu." Halafu akageukia ukumbi. "Ili pahali pahesabiwe kuwa makaburi, familia lazima zijitokeze. Tunaye mama mmoja. Je, kuna mwingine?"

Wanawake wa Oktoba walikuwa wamekaa pale, niliwajua mmoja mmoja kwa mahali wanaposimama. Mmoja alitafuta leso ndani ya mkoba, akaendelea kuitafuta. Mwingine alisoma maelekezo ya kujiokoa na moto yaliyobandikwa ukutani. Yule tunayepakana naye, aliyemwaga maji hatua chache kutoka kwa Mama tangu mimi ni mtoto, alikuwa na wanawe wawili pembeni yake, wanaume wazima, na akawatazama wao kwanza, kisha sakafu. Mama alibaki amesimama akiwaangalia. Mwishoni akakaa, kwa sababu ya magoti.

Ndani ya gari nilianza kuwasema. Nilianza na majina.

"Usiwaseme," Mama alisema. "Miaka yote hiyo mimi nilikuambia wewe?"

Niligeuza ufunguo.

"Washa joto. Miguu imeganda."

Leo ni Jumatano. Kilbane ametoa muda mpaka Ijumaa saa sita mchana kwa familia nyingine kujiandikisha. Wasipokuja, tingatinga linaingia bomani Jumatatu asubuhi, na litaanzia upande wa mti wa miiba kwa sababu ndiko ardhi ilikonyooka. Tuohy analala kwenye kochi letu na amekwisha kusema atakaa ofisini kwa Kilbane siku zote mbili kumsaidia kila atakayekuja, bila malipo, bila cheo. Mama amevaa koti tangu alfajiri. Nimemwambia hakuna safari leo. Anasema anajua.

Una mama. Kama huna mama una shangazi, una bibi, una yule mzee wa kike mnayempelekea supu siku za Jumapili na kumwacha na televisheni. Nenda kwake sasa. Zima hiyo televisheni. Usimuulize kama ana jiwe. Muulize ni lipi. Akinyamaza, kaa naye mpaka aseme, halafu mvalishe koti, mwingize garini, umlete.