Feni ya Holger

...kulia, anasema, geuza kulia, na Ragnhild anajua kulia ni wapi, si mtoto, ila bisibisi imeshaingia kwenye mfereji wa kile kifundo kidogo cha kupangia joto la kuwasha feni ya gari, na mkono umegoma, maana aliyekiacha kwenye digrii hamsini ni Holger, vidole vyake mwenyewe, Juni ile kabla hajafa, akijiandaa kwa Jumamosi za kuzunguka uwanja wa mji wa Lycksele mwendo wa konokono, vioo chini, muziki juu, wazee wazima wenye matumbo wakipungiana mikono, na gari la Kimarekani la umri wao likitaka kuchemka kila mzunguko... "Shemeji, umelala?" Huyo Sixten, mdogo wake Holger, kashika tochi, ugoro umejaa chini ya mdomo wa juu. "Nafikiri." "Fikiria ndani, hapa utaganda." Sauti ni ya Holger hasa, ile ya puani, Mungu naye hana huruma, kuwapa ndugu wawili sauti moja kisha kumchukua mmoja... na Sixten anaeleza tena, kwa upole wa kuudhi, kwamba hakuna maajabu hapa, feni imefungwa moja kwa moja kwenye betri, haingoji ufunguo, na vuli ile yeye mwenyewe alichomeka hita ya injini kwenye soketi ya ukutani ili gari lisigande, basi alfajiri hita inajiwasha kwa saa yake, maji yanapata moto, yanafika hamsini, feni inadhani ni Julai, inazunguka. "Ukipandisha mpaka tisini haithubutu tena. Hamsini ilikuwa mambo yake ya kiangazi." Mambo ya kiangazi... hajui huyu, wala hatajua, kwamba kila alfajiri Ragnhild hukaa dirishani gizani na kikombe cha kahawa akiingoja, ikianza kuvuma chini ya boneti yenye theluji hufungua dirisha kidogo akaiambia umeamkaje, akaisimulia habari za goti lake, za mchungaji mpya anayehubiri kama anauza bima, na aliyemwita Sixten si yeye, ni jirani aliyechoka na kelele... bado anampenda, ndiyo hivyo, anampenda mume anayevuma, na robo mzunguko wa bisibisi itamzika mara ya pili, safari hii bila hata kahawa ya msibani, na macho yanamjaa machozi, anayainamisha chini Sixten asiyaone, bampa, barafu, na ndani ya barafu waya. Waya wa hita. Plagi yake imelala kwenye barafu ya Novemba, ya ile mvua iliyonyesha ikaganda usiku uleule, meno yake mawili yanaonekana ndani ya barafu kama nyuma ya kioo, maana yake ilianguka kabla ya mvua, haijagusa soketi tangu hapo, na sasa ni Januari, hita haijawaka, maji hayajapata moto wowote, betri ingekuwa imekufa zamani, na jana alfajiri ilivuma, na leo ilivuma... Sixten hajaona, tochi yake iko juu kwenye kifundo. Joto la nini basi, joto la nani, na aliyekuwa akisikiliza habari za goti ni nani, maana Holger angemkatiza, Holger hakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi, lakini hiki kilichomo humu kilikuwa kinavuma taratibu, kinangoja aendelee, naye aliendelea, mjinga yeye, alikiambia kwamba analala peke yake, alikiambia ufunguo wa mlango wa nyuma anauficha wapi... "Vipi, kimekaza?" "Hakijakaza." Anaogopa, anaogopa mpaka meno, na sasa ndiyo anataka kugeuza, tisini, mia, mpaka mwisho kabisa, ila tisini itakitisha vipi kitu kisichohitaji joto, na bisibisi iko palepale kwenye mfereji, na mkono uko palepale. "Kulia, shemeji." "Nageuza," anasema, na hageuzi, "lakini leo usirudi kwako, Sixten. Lala hapa."