Kundi la Nne

Kwa miaka mitatu Tsigereda Alemayehu alikaa pembeni mwa chumba cha kompyuta, katika chuo kimoja cha uongozi wa biashara Addis Ababa, akiwatazama wanafunzi wakiendesha viwanda vya viatu ambavyo havikuwepo. Katika mchezo huo wa mafunzo kila kundi lilikuwa kampuni. Lilipanga bei, likaajiri, likafukuza, kisha kompyuta ikatangaza nani kapeta na nani kafilisika. Tsigereda hakujali nani kashinda. Alitaka kujua nani kajifunza, kwa hiyo kila raundi ilipokwisha alimkalisha mwanafunzi mmoja mmoja, akawasha kinasa sauti, akauliza, "Kwa nini mliamua hivyo?"

Majibu yalimshangaza. Washindi walibabaika, wengi hawakujua kilichowapa ushindi. Waliofilisika ndio walioeleza makosa yao hatua kwa hatua.

Akampelekea msimamizi wake wa utafiti, Dokta Worku Bezabih, kazi yote. Dokta akakaa nayo mwezi mzima, kisha akamwambia bado ni changa. Miezi sita baadaye Tsigereda akaiona kazi hiyo changa kwenye jarida la nje, jina la Worku peke yake juu. Chini kabisa, kwa herufi za kukodolea macho, alishukuriwa yeye "kwa msaada wa kupanga viti".

Mchana ule alikula mchuzi wa shiro asijue una ladha gani. Hirut, rafiki yake na karani wa idara, akamshauri amshtaki kwa mkuu wa chuo.

"Mashtaka yataishia kwenye droo," Tsigereda akasema. "Mimi nataka aumbuke watu wakiona."

"We dada, umekuwa mkali hivyo tangu lini?"

"Tangu nipange viti."

Akanyamaza miezi minne. Alimsalimia Worku kwa adabu zote, akamchekea, na Worku alipopendekezwa uprofesa, yeye akawa wa kwanza kumpa hongera.

Siku ya mhadhara wa Worku wa kuwania uprofesa ukumbi ulifurika. Worku, ndani ya suti mpya, alinguruma saa nzima kuhusu "wanafunzi wangu" na "mahojiano yangu". Maswali yalipokaribishwa, Tsigereda akasimama.

"Dokta, nina swali dogo. Mwaka wa pili wa utafiti, kundi la nne lilipofilisika, kiongozi wake alikueleza nini?"

Worku hakusita. "Ah, yule kijana! Namkumbuka vizuri. Alilia mbele yangu. Alikiri kwamba walipandisha bei kwa kiburi."

"Una hakika?"

"Mwanangu, aliyemhoji ni mimi." Watu wakacheka.

Tsigereda akangoja kicheko kiishe. "Mwaka ule hapakuwa na kundi la nne, Dokta. Wanafunzi walikuwa wachache, nikawagawa makundi matatu. Idadi hiyo imo hata kwenye makala yako, jedwali la pili. Hukulisoma?"

Kurasa za makala iliyogawiwa mlangoni zikaanza kufunuliwa ukumbi mzima. Tsigereda akabonyeza rekodi kwenye simu yake, na sauti yake yeye, si ya Worku, ikasikika ikimuuliza mwanafunzi, "Kwa nini mliamua hivyo?" Akaweka ya pili, na ya tatu. Jasho lilimtoka Worku, na Tsigereda akalitazama kwa raha ambayo hakuifahamu kabla.

Worku akamfuata nje kwenye korido. "Ungekuja ofisini, binti yangu, tungeyamaliza kimyakimya."

"Ndiyo maana sikuja."

Kamati ya chuo ikamnyima uprofesa, na jarida likaiondoa makala. Mwaka uliofuata utafiti ulitoka upya kwa jina la Tsigereda mwenyewe. Worku akaacha kazi, akaomba nafasi chuo kidogo huko Bahir Dar, ambako hakuna aliyejua kisa chake.

Hirut ndiye aliyeleta habari hizo. Palepale Tsigereda akafungua kompyuta, akaanza barua pepe na kuambatisha nakala ya uamuzi wa kamati.

"Mwache basi," Hirut akasema. "Si ulishashinda? Mzee wa watu ana familia."

 Tsigereda alitafuta anwani ya mkuu wa chuo kile cha Bahir Dar, akaisoma mara mbili asije akakosea, akatuma.