Bangi ya Waceke

Shemeji yangu Mugambi aliikuta chupa nyuma ya unga wa ugali. Alisoma lebo, kisha akampiga dada yangu Waceke kofi lililomwangusha chini.

"Bangi! Nyumbani kwangu! Unataka tunyang'anywe viza turudishwe Meru?"

"Ni dawa, Mugambi. Daktari alinipa kwa maumivu ya saratani."

"Daktari gani humpa mama wa kanisa bangi?"

Akampiga teke la mbavu. Nilipojitupa katikati yao, alinishika nywele akanigongesha ukutani hadi mdomo ukajaa damu. Ilikuwa Agosti 2021, Merrylands nzima, mtaa wetu huku ughaibuni, imefungiwa ndani kwa sababu ya korona, na hatukuwa na pa kukimbilia. Kisha akafanya vile ambavyo angefanya Meru: aliwapigia polisi simu mwenyewe, asije akahesabiwa mshirika.

Walikuja wawili, wamevaa barakoa. Mugambi akawanyoshea chupa. "Mke wangu anaficha bangi. Mkamateni."

Polisi wa kike alisoma jina la Waceke na la daktari. "Hapa ni halali, daktari akiiandika," alisema. "Asiendeshe gari tu akiitumia." Akamrudishia Waceke chupa pale sakafuni alipojikunja, kisha akatazama mdomo wangu.

"Nani amewapiga?"

Mimi huona haya hata kusalimia wageni. Nilinyosha kidole.

Mugambi alipigana nao hadi mlangoni, wakamlaza kifudifudi na kumtia pingu. Waceke alilia akiwasihi wasimuumize. Mimi sikuwasihi.