Msalaba wa Mzee Melkior Haukauki

Anselmo aliweka kidole kwenye msalaba, akakivuta, kidole kikang'ang'ania. Bado. Jana bado, juzi bado, na leo asubuhi tena bado. Alikifuta kwenye suruali iliyokwisha kukakamaa kwa madoa, akasonya.

Seremala mzima wa Nsemulwa, mtu ambaye milango yake iko kwenye nyumba za watu wazito pale Mpanda mjini, anasumbuliwa na kipande cha mbao ya mninga. Na huu haukuwa msalaba wa mtu baki. Ulikuwa wa kaburi la baba yake mdogo, Mzee Melkior, mrina asali aliyemalizia maisha yake kwenye misitu ya Ugalla. Jumamosi ilikuwa misa ya kumaliza matanga. Msalaba usimikwe, watu wapewe chakula, na alasiri hiyohiyo mjane, Mama Eufrazia, apande treni akaishi kwa binti yake Tabora. Hakuna ambaye angebaki wa kuliangalia kaburi lile. Ndiyo maana Anselmo alitaka mikono mitatu ya vanishi, mmoja juu ya mwingine, ili msalaba uweze kukaa peke yake kwenye mvua na jua bila kuoza.

Mkono wa kwanza ulipaswa kukauka usiku mmoja, usuguliwe msasa kidogo, upigwe wa pili. Sasa huo wa kwanza tu umegoma. Alikuwa ameulaza msalaba barazani kwa Mama Eufrazia, maana kwenye karakana yake vumbi la mbao lingeganda juu ya vanishi mbichi. Barazani napo kila anayepita alikuwa na la kusema.

"Bado tu?" aliuliza Leodgar, mdogo wa marehemu, akiwa na bakuli la uji mkononi. "Kwani unapaka asali?"

"Baba, pita uende zako," alisema Anselmo. "Na usiguse."

Kwanza alilaumu mawingu. Jua likatoka, likawaka siku nzima, vanishi ikazidi kunata. Basi akamgeukia Makoye, mwenye duka alilonunulia kopo. Haikuwa siri kwamba vitu vilikuwa adimu na watu walichanganya hiki na kile. Anselmo alienda dukani hasira zimemfika kooni, akaliweka kopo juu ya meza kwa kishindo.

"Umetia dizeli humu," alisema.

Makoye hakubisha. Alimshika mkono, akampeleka nyuma ya duka, akamwonyesha dirisha jipya. "Kopo ni hilohilo, nilichota kabla sijakuuzia. Nimepaka juzi. Haya, shika."

Anselmo alishika. Kavu, gumu, linateleza. Alitamani dirisha lile limnate walau kidogo apate pa kusimamia, lakini wapi. Alichukua kopo lake akarudi, aibu imeongezeka juu ya hasira.

Alipofika alichukua kipande cha chupa akakwangua kwenye bega la msalaba. Vanishi ikabanduka kama utando wa maziwa, na chini yake, badala ya mbao, kulikuwa na kitu cheupecheupe chenye mafuta. Alikinusa. Hakuhitaji kunusa mara ya pili. Amekulia kwenye nyumba za warina asali, na ile ilikuwa nta.

"Mama," aliita, akijitahidi sauti isipande. "Nani amepaka nta hapa?"

Mama Eufrazia alitoka jikoni, akajifuta mikono kwenye kanga. "Mimi. Siku ile ulipouleta, kabla hujaanza na hayo mafuta yako ya dukani."

"Mama, vanishi haikauki juu ya nta. Haikauki leo, haikauki Krismasi. Nimegombana na Makoye wa watu. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Alikaa kwenye kigoda. "Baba yako mdogo hakupeleka mzinga mpya porini bila kuusugua nta. Nyuki wakikuta mbao ngeni hawaingii. Na mimi naondoka, Anselmo. Nikaona anawekewa mbao ngeni kichwani, yuko peke yake. Nikasema angalau asikie harufu anayoijua."

Anselmo alikuwa na maneno mengi mdomoni, mengine si ya kumwambia mama. Aliyameza yote. Yalimkaa vibaya kifuani, kwa sababu bado alikuwa na hasira na sasa hakuwa na wa kumkasirikia.

Alikwangua msalaba wote upya, akaufuta kwa petroli, akausugua msasa mpaka mabega yakamuuma. Mkono wa kwanza ukakauka vizuri. Wa pili aliupiga Ijumaa mchana, na jioni mvua ikanyesha, hewa ikawa mbichi. Wa tatu hakuwa na muda nao.

Jumamosi waliubeba kwa kuushika sehemu ya chini tu, ile itakayozama ardhini. Baada ya misa Anselmo alisimama kando ya kaburi, akawaambia watu, mmoja mmoja, wasiguse. Walimtii, hata Leodgar.

Kisha Mama Eufrazia akaja na mfuko wake wa safari begani. Alipiga ishara ya msalaba, akanyoosha mkono, akaubandika wote, kiganja na vidole, chini ya jina la mumewe. Aliuacha pale. Anselmo alisogea kumpisha.

Alipoutoa aliutazama mkono wake. "Bado mbichi," alisema.

"Itakauka, Mama."

Akatoa donge la nta kwenye pindo la kanga, akampa Anselmo. Kisha wakaenda stesheni.

Wiki iliyofuata Anselmo alirudi kaburini na msasa na vanishi iliyobaki, kufuta ile alama na kupiga mkono wa tatu. Vanishi ilikuwa imekauka, ngumu kabisa, na kiganja kimo ndani yake, mpaka mikunjo ya vidole. Akarudisha msasa mfukoni, akatoa lile donge la nta, akaanza kuusugua msalaba taratibu, kuanzia pale penye mkono.