Jino la Galma

1.
Kwanza ujue hivi: haya Meno si meno. Ni mapande ya zege, makubwa kushinda ng'ombe, yamekata soko letu la Malkadima katikati hadi mtoni. Wazungu waliyajengesha wakati wa vita, ndio vifaru vya Waitaliano vikitoka Ethiopia vikwame hapa.

Havikuja.

Siku hizi tunafungia mbuzi.

2.
ILANI KWA UMMA
Vizuizi vyote vya vita vilivyomo ndani ya soko vitaondolewa Jumanne ili kupisha ujenzi wa soko la kisasa. Wafanyabiashara wanaombwa kuhamisha mifugo na bidhaa zao. Usumbufu wowote utakao

(hapo mbuzi alikula)

3.
Jino la mwisho, la karibu na mto, halifungiwi mbuzi. Galma, babake nyanya yangu, alikuwa kibarua wa kumwaga zege. Jioni moja wenzake walirudi nyumbani, yeye hapana. Wakasema aliteleza akazama humo, na msimamizi akaamuru wamwage tu.

Nyanya Kabale alikuwa bado tumboni.

Sasa anauza maziwa ya ngamia chini ya hilo jino. Kikombe cha kwanza hakiuzwi. Analimwagia jino. Mbwa wa soko wanajua saa yake.

4.
Wauza mbuzi, nyuma ya mgongo wake:

— Kuteleza gani? Alivuka mto akaoa ng'ambo.
— Na huyu mama analisha mbwa maisha yake yote.

Alisikia.

5.
Mimi ni Boru, nimemaliza form four, niko tu. Nikamwambia twende ofisini tuombe lisivunjwe. Akakataa. Nikamuuliza kama basi anataka livunjwe. Akakataa pia.

"Akiwemo, alikufa akitaka kurudi kwetu. Asipokuwemo, alituacha. Sasa Boru, nitakuwa nimemwagia nani?"

6.
Jumanne.

7.
Kinoti wa tingatinga alizima injini, akashuka, akavua kofia, akamwamkia nyanya, akaomba ruhusa. Nyanya akamwaga kibuyu chote. Halafu akageuka, akaangalia mto.

Nikagusa zege. Jua la saa saba, yale mengine yanachoma mkono. Hili baridi. Baridi kama

8.
Kinoti aliligonga, likapasuka.

Vumbi. Harufu ya maziwa yaliyoganda. Soko zima limesogea, hata wale wauza mbuzi.

Nyanya hakugeuka.

"Boru. Yumo?"

"Yumo, nyanya."

Mabega yake yakashuka.

Vumbi halijatulia. Kinoti ananitazama.

Mimi bado sijaangalia.