Meza ya Ndovu

Somoe alikataa mara tatu. Mara ya nne akakubali, maana Mwalimu Veronika, aliyeletwa Mtwara kutoka Bukoba na sanduku zima la vitabu, hakuwa mtu wa kuambiwa hapana akaenda zake.

"Bi Somoe, hapa shuleni ni wewe tu unayeweza kumtega sange akiwa hai," alisema, amesimama mlangoni mwa jiko la shule, Somoe akikoroga uji wa wanafunzi. "Ukinikosesha sange, meza yangu imekufa."

Meza yenyewe ilikuwa kituko. Kwa Sabasaba ya mwaka ule wa 1973, shule zote za mjini zilijiandaa kupeleka uwanjani mihogo, korosho na vikapu. Mwalimu Veronika akasema yeye atapeleka ndovu. Si ndovu mwenyewe, jamani, angemlisha nini? Alitaka vitu ambavyo wataalamu wa mbali wamevibandika jina la ndovu. Mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, wao huyaita majani ya ndovu. Magimbi ni masikio ya ndovu, kwa upana wa majani yake. Sange, mnyama mdogo wa vichakani mwenye pua ndefu isiyotulia, ni panya wa ndovu. Na nyuma ya meza, kwenye ukuta wa makuti, akatundika mchoro mkubwa wa mguu wa binadamu uliovimba kuanzia goti hadi vidole: matende, ugonjwa wa ndovu.

Somoe aliuona mchoro ule asubuhi ya maonyesho. Mguu ule aliujua. Alikuwa nao chini ya kanga yake, mguu wa kushoto, mwaka wa saba sasa.

Alikuwa akiuficha kwa kanga inayoburura chini na kwa uongo wa nyonga. "Nyonga inanisumbua," ndivyo alivyowaambia wote waliomwona akichechemea. Binti yake Zuhura peke yake ndiye aliyeujua ukweli. Na sasa Zuhura alikuwa amechumbiwa na Omari wa Nanyamba, kijana mtulivu mwenye mikorosho yake, na harusi ilikuwa inangoja neno la mwisho la baba mtu, Mzee Selemani. Mzee huyo alikwisha kuja nyumbani kwao, mtaa wa Ufukoni, mara mbili, adabu tele, lakini bado alimwita Somoe "Mama Zuhura" tu. Neno "mkwe" alikuwa hajalitoa.

Mzee Selemani mwenyewe alikuwa akitembea ametanua miguu, ndani ya kanzu pana kuliko kanzu zote za Nanyamba. Kila mtu alijua kanzu ile inasitiri busha, na hakuna aliyethubutu kulitaja. Wanaume wana bahati yao. Busha lao watu hulipitishia macho pembeni, lakini mwanamke akivimba mguu ukoo mzima unajadiliwa.

Basi Somoe akajikalisha kwenye kigoda nyuma ya meza, kanga imefunika hadi ardhini, na tenga la sange karibu naye. Alimtega siku mbili kabla, kwenye kichaka nyuma ya mikorosho, na tangu hapo alimlisha mchwa kwa mkono wake. Akajiambia hatanyanyuka mpaka watu waishe.

Lakini watu walizidi kumiminika! Meza za mihogo zikabaki na wenyewe. Watoto walipigana vikumbo kumwona sange akichezesha pua, wazee wakayapapasa magimbi na kucheka kwamba wamekula masikio ya ndovu maisha yao yote bila kujua. Mwalimu Veronika alikuwa akieleza mpaka sauti inamkauka, jasho linamtiririka, uso umejaa furaha. Somoe naye, licha ya yote, akajikuta anatabasamu.

Hapo ndipo alipowaona. Mzee Selemani na dada yake, Bi Mwanaisha, walikuwa mstari wa mbele kabisa, na Bi Mwanaisha alikuwa ameukazia macho ule mchoro.

"Hiyo ni kulogwa," Bi Mwanaisha alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Na ikiingia kwenye ukoo haitoki. Mama akiwa nao, mtoto atakuwa nao. Sisi kwetu hatuoi nyumba kama hiyo."

Somoe alivuta miguu yake ndani zaidi.

Kabla hajatulia, waamuzi wakafika. Aliyewaongoza alikuwa afisa elimu mmoja mnene, mchangamfu, ambaye hakuridhika kumwona sange kupitia matundu ya tenga. Akafunua kifuniko ili aione vizuri hiyo pua.

Sange akaruka!

Alipita juu ya magimbi, akatua kifuani kwa afisa, akadondoka chini na kutokomea miguuni mwa watu. Uwanja ulichafuka. Akina mama walipanda juu ya magunia ya korosho, meza ya unga wa mhogo ikapinduka, na kundi la vijana likaja mbio na fimbo, wengine wakipiga kelele kwamba hicho ni kitoweo.

"Msimuue!" Mwalimu Veronika alilia. "Jamani, msimuue!"

Somoe hakutikisika. Alikuwa amehisi kitu cha baridi kikigusa ngozi ya mguu wake wa kushoto. Sange alikuwa amezunguka, akarudi, akajipenyeza chini ya kanga, na sasa amejibanza nyuma ya kifundo kilichovimba, anahema haraka haraka. Pua yake ilikuwa inanusa mikunjo ya ngozi ile ambayo hata Zuhura hakuwahi kuigusa.

"Kaingia huku!" kijana mmoja alipaza sauti, akainamia meza na fimbo yake juu.

Somoe alijua mambo mawili. Akijisogeza hata kidogo, sange atachomoka na fimbo zitammaliza. Na njia ya kumkamata ilikuwa moja tu. Alimtazama Bi Mwanaisha, akamtazama Mzee Selemani, akamfikiria mwanawe aliyekuwa nyumbani akishona vitambaa vya mito ya harusi. Kisha ikaja hasira, hasira ya miaka saba ya kuburura kanga vumbini, ikaisukuma hofu pembeni.

Akaifunua kanga mpaka gotini.

Mkono wake ulishuka mara moja, ukamdaka sange shingoni, ukamwinua juu mzima mzima akirusha mateke. Hakuna aliyeshangilia. Watu wote walikuwa wanautazama mguu.

Somoe alimrudisha sange tengani, akafunga kifuniko. Angeweza sasa kuishusha kanga. Badala yake alisimama, akaipandisha tena na kuishikilia hapo.

"Bwana Lukasi," alimwita mganga wa zahanati, aliyekuwa kando ya mchoro kwa kazi ya kueleza ugonjwa. Sauti ya Somoe ilifika mbali. "Achana na karatasi. Mguu huu hapa. Waeleze."

Lukasi akaanza, taratibu mwanzoni, kisha kwa moto. Akasema matende hayatoki kwa mchawi, na mama hamrithishi mtoto matende. Ni minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inayoletwa na mbu, huyu huyu mbu wa vyooni na kwenye madimbwi yetu. Anayelala pasipo chandarua ndiye aliye hatarini, awe wa ukoo wowote.

"Na minyoo hiyo hiyo," akamalizia, "kwa wanaume ndiyo inayoleta busha."

Watu waliguna. Macho yote yakahama kutoka kwenye mguu wa Somoe, yakaanza kwenda, kwa adabu kubwa, upande wa ile kanzu pana. Bi Mwanaisha alifumbua mdomo, akamwangalia kaka yake, akaufumba.

Mzee Selemani alikohoa. Akatembea kwa mwendo wake ule wa kutanua mpaka mbele ya meza, akasimama akimwelekea Somoe.

"Nkwe wangu," alisema kwa lafudhi yake ya Nanyamba, "wewe la kwako umelifunua mbele za watu. Mimi la kwangu, kwa hapa uwanjani, utanisamehe. Lakini mwambie daktari aandike jina langu kwenye daftari lake la wagonjwa."

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko, na mzee mwenyewe akicheka kuliko wote. Somoe hakucheka. Alikuwa bado anaisikia ile "nkwe", na kanga ilikuwa imemponyoka mkononi bila yeye kujua.